Batoto na Watoto: Shajara ya Wiki Sita za Kufundisha Arua

Siku ya 1, Jumapili

Basi la Arua huondoka Kampala alfajiri. Mimi nilikuwa kituoni tangu saa kumi na moja, nimekalia sanduku ambalo nusu yake ni karatasi za manila, kalamu za wino mzito na kadi za ngeli nilizokesha nikizikata. Safari ni ya kilomita karibu 500. Nimepangiwa wiki sita za mazoezi ya kufundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Arua. Nile ninayoijua mimi ni ile ya Jinja, ninayoivuka kila nikitoka kwetu Busia kwenda chuoni. Ya upande huu nilikuwa nimeiona kwenye ramani tu.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama wa makamo anayeshuka Luwero. Tukazungumza kwa Luganda: anatoka kumwona binti yake, amejifungua mtoto wa pili. Akaniuliza ninakwenda kufundisha nini. Nilipomwambia Kiswahili, akageukia dirisha. Tulikuwa tunapita Bombo, penye kambi kubwa ya jeshi. Baadaye sana akasema, "Mwanangu, sisi tukisikia Kiswahili usiku tulikuwa tunazima taa." Hakueleza zaidi, na hakuhitaji kueleza. Vita vya 1981 hadi 1986 vilipita katika vijiji vya kwao, na lugha ya majeshi ya Uganda tangu enzi za Waingereza ni Kiswahili. Mwaka 1973 Rais Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa watu wengi wa Buganda lugha na bunduki vikashikana kabisa. Chuoni tulisoma habari hizi kama mada ya mtihani, chini ya kichwa "Changamoto za Kiswahili nchini Uganda". Leo mada hiyo ilikaa pembeni yangu na kikapu cha ndizi. Aliposhuka nilimsaidia mzigo, akanishika mkono, akaniombea safari njema. Nimemfikiria njia nzima.

Baada ya daraja la Kafu nililala. Niliamshwa na kelele za abiria Karuma, maji yanapiga mawe yakawa meupe kama povu la sabuni, na nyani wamejipanga kando ya lami wakisubiri maganda. Halafu pori refu, kisha Pakwach, daraja, na Nile nyingine kabisa: pana, tulivu, rangi ya chai ya maziwa. Wauza samaki wakavu walitukimbilia madirishani. Kuanzia hapo sikuelewa tena mtu yeyote. Mimi Msamia, nikisikia Luganda, Lusoga au Kigisu napata pa kushika. Kialuri na Kilugbara havikunipa hata neno moja.

Hajati niliyepangishiwa chumba kwake alinipokea kwa Kiswahili. Ni Mnubi, mjane, anasuka makawa ya rangi ya kufunikia chakula. Aliniwekea samaki na ugali wa muhogo, akaniambia, "Kula, mwalimu, kesho utazungumza sana."

Siku ya 2, Jumatatu

Mwalimu mkuu amenipokea vizuri. Ratiba yangu: Kidato cha Kwanza mikondo miwili na Kidato cha Pili mkondo mmoja. Kwa mtaala wa sekondari ulioanza mwaka 2020, Kiswahili ni lazima katika vidato hivyo viwili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi uko kwenye karatasi. Hapa shuleni hakuna mwalimu hata mmoja aliyesomea Kiswahili.

Anayekifundisha ni mwalimu wa jiografia, mzee mwenye miaka michache tu ya kustaafu, shati limepigwa pasi likasimama. Yeye ndiye mwalimu mwenyeji wangu. Wote wanamwita Mzee, nami nikafuata.

Katika ofisi ya walimu mazungumzo ni mishahara. Tangu mwaka 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwenzake wa sanaa mwenye shahada kama hiyo akabaki na takribani robo yake. Kiswahili ni sanaa. Dada mmoja anayefundisha historia aliniuliza kwa upole, bila kebehi, "Mdogo wangu, kwa nini hukuchagua kemia?" Nilimjibu kwamba kemia sikuiweza na Kiswahili nakipenda. Akatikisa kichwa, akanimiminia chai.

Siku ya 3, Jumanne

Leo nimekaa nyuma ya darasa kuangalia. Wanafunzi 94, vitabu vya kiada 6. Mzee aliingia, akasalimia kwa Kiingereza, akafungua kitabu, akanakili ukurasa mzima ubaoni kwa mwandiko mzuri ajabu, na darasa zima likanakili. Maelezo yote yalikuwa Kiingereza. Kwa dakika 80 za somo la Kiswahili sikusikia sentensi moja ya Kiswahili ikitoka kinywani mwa mtu.

Nimeandika haya usiku huku nimeghadhibika. Naacha yabaki kama yalivyo, ijapokuwa sasa najua nilikuwa sijaelewa.

Siku ya 4, Jumatano

Somo langu la kwanza. Andalio lilikuwa zuri, kadi zilikuwa nzuri. Mada: ngeli za KI-VI na A-WA. Nilibandika kadi ubaoni: kitabu, vitabu, mtoto, watoto. Nikauliza, "Kitabu ki...?" nikingoja wamalizie. Kimya. Nikauliza tena, "Mtoto a...?" Kimya cha watu 94 ni kizito. Kijana mmoja wa mbele, kwa huruma nadhani, akasema, "Mtoto kubwa." Wengine wakarudia kwa sauti moja, "Mtoto kubwa!"

Nilitumia dakika zote zilizobaki nikieleza. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyosikia sauti yangu ikigeuka ya Mzee. Mwishoni nikageuka, nikaandika maelezo ubaoni wanakili. Mwandiko wangu haufikii wake.

Siku ya 5, Alhamisi

Sikulala vizuri. Nimegundua jambo, na linaniuma.

Chuoni kabla ya kuja huku tulifundishana wenyewe kwa wenyewe. Wenzetu walikaa kama wanafunzi. Somo langu la ngeli lilisifiwa kuliko yote. Nilionyesha kadi mbili tu, na wote wakadaka: kitabu kimoja, vitabu viwili. Mkufunzi akasema nina kipaji cha kufafanua. Lakini wenzangu wale ni Waganda, Wasoga, Wanyankole, Wagisu. Anayesema *omuntu, abantu* na *ekitabo, ebitabo* tangu kunyonya hahitaji kufundishwa kwamba nomino ina ngeli. Nilisifiwa kwa kazi ambayo sikuifanya mimi. Waliifanya mama zao.

Kilugbara si lugha ya Kibantu. Ni jamaa ya lugha za Sudani, maana yake inapambanuliwa kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na nomino zake hazivai viambishi vinavyotawala sentensi nzima. Kwa mtoto wa hapa, habari kwamba neno "kitabu" linaweza kulilazimisha neno "zuri" libadilike ni habari ya ajabu. Ana haki ya kushangaa. Mimi sikumpa hata nafasi ya kushangaa.

Siku ya 7, Jumamosi

Nilimsindikiza Hajati sokoni kununua majani ya kusukia. Soko la Arua ni mdomo wa nchi tatu: vitenge na sabuni kutoka Kongo, mihogo na ufuta wa hapa, wateja kutoka Sudani Kusini. Na lugha inayovuka meza zote hizo ni Kiswahili.

Nikawaona wanafunzi wangu. Kijana wa "mtoto kubwa" alikuwa anauza vitunguu na dada yake. Mama mmoja wa Kikongo alimwambia, "Papa, punguza, minakuja kila siku." Naye akamjibu palepale, "Mama, hapana weza, vitunguu iko ghali, tatu elfu moja." Wakavutana bei kwa dakika nzima, haraka, kwa kicheko, kwa Kiswahili kitupu. Hatua chache mbele, msichana wa Kidato cha Kwanza anayekaa dirishani, ambaye wiki nzima hakufungua mdomo, alikuwa anamwambia mtu, "Batoto ba mama mudogo banakuja kesho."

Kisha wakaniona. Wote wawili walisimama wima na kunisalimu kwa Kiingereza.

Siku ya 9, Jumatatu

Msimamizi kutoka chuo amekuja bila taarifa. Niliogopa kurudia ngeli mbele yake, nikafundisha maamkizi. Shikamoo, marahaba. Wanafunzi waliigiza wawili wawili, walipiga makofi, kila mtu alifurahi. Nimepata alama 74 na maneno mazuri. Hapa Arua sijamsikia mtu yeyote akisema shikamoo, wala kwetu Busia hatuisemi sana. Nilikuwa nimechagua somo ambalo haliwezi kuanguka.

Siku ya 12, Alhamisi

Mvua ilitufungia, Mzee na mimi, chini ya kibaraza cha stoo baada ya masomo. Nilimweleza habari ya soko. Nikamwuliza, kwa adabu niwezavyo, kama yeye anakijua Kiswahili cha wale akina mama.

Alikaa kimya kidogo, halafu akaanza kuzungumza nami kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kilimtoka kama maji. Mwaka 1979 serikali ya Amin ilipoanguka, watu wengi wa West Nile, eneo hili alikotoka Amin, walikimbia kisasi, wakavuka kwenda Zaire, Kongo ya leo, na Sudani. Yeye alikuwa mtoto, ameshikwa mkono na dada yake. Miaka ya utoto wake ilipita upande wa pili wa mpaka. "Wenyeji walituita batoto ba bakimbizi," akasema. "Kiswahili kilitulisha. Bila Kiswahili hupati kibarua, hupati muhogo."

Nikamwuliza, basi kwa nini darasani hakisemi?

"Kwa sababu si hiki kilicho kwenye kitabu, mwalimu. Nikifungua mdomo, watoto watajifunza makosa yangu. Nikinakili kitabu, angalau daftari lao ni safi."

Mvua iliendelea. Nilikumbuka niliyoyaandika siku ya tatu. Miaka yote hiyo mtu huyu ameinyamazisha lugha yake ili asiwaharibie watoto. Nami nilidhani ni uvivu.

Siku ya 13, Ijumaa

Leo sikubeba kadi. Niliandika ubaoni neno moja: BATOTO.

Darasa likalipuka kwa kicheko, kile cha mtu aliyekutwa. Nikauliza ni nani analijua. Mikono ishirini, thelathini. Nikasema, "Niambieni batoto wanafanya nini." Sauti kutoka dirishani, ndogo lakini imenyooka: "Batoto bangu banacheza."

Nikaiandika. Nikapigia mstari *ba*, *ba*, *ba*. Nikawaambia waisome huku wakigonga dawati kila wanapoikuta. Ba-toto ba-ngu ba-nacheza. Tatu, kama ngoma. Halafu nikagawa ubao katikati: kushoto "Nyumbani na sokoni", kulia "Kitabuni". Upande wa kulia nikaandika: Watoto wangu wanacheza. Wagonge tena. Tatu.

Kijana wa vitunguu akasimama bila kuitwa. "Madamu, kwa hiyo yule wa kwanza anawavalisha wengine sare?"

Sijasoma popote maelezo ya upatanisho wa kisarufi yanayopita hayo. Tukaenda kwenye kitabu: ki-tabu ch-angu ki-zuri ki-mepotea. Wakauliza kwa nini "changu" na si "kiangu", nikaonyesha jinsi ki inavyobadilika ikikutana na irabu. Kengele ililia tukiwa bado tunagonga. Msichana wa dirishani alisahihisha wenzake watatu leo. Mama yake ni wa upande wa Kongo. Kwake sarufi hii ilikuwa nyumbani siku zote, imevaa nguo nyingine tu.

Siku ya 16 hadi ya 22

Wiki ya kazi. Safu ya kushoto inajaa kila siku: *hapana jua* mbele ya *sijui*; *vitabu mbili* mbele ya *vitabu viwili*; *mama iko soko* mbele ya *mama yuko sokoni*. Ukanushi ulikuwa mgumu kuliko ngeli. *Hapana jua, hapana taka, hapana kuja* ni rahisi, neno moja linakanusha dunia nzima, na watoto waliona sanifu inawaongezea mzigo: sijui, hujui, hajui, hatujui. Nilikubali mbele yao kwamba ni mzigo kweli. Tukaupanga kama wachezaji uwanjani, kila nafsi na jezi yake, na siku tatu zikaisha.

Kijana mmoja aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp hakuwa na Kiswahili chochote. Ana Kiarabu cha Juba, ambacho kina undugu na Kinubi cha Hajati. Nikaketi na Hajati usiku, akanipa *kitab, sabun, sukar*. Asubuhi nikamwandikia yule kijana orodha yake peke yake. Alipoona *kitabu, sabuni, sukari* pembeni alicheka, akaikunja karatasi akaiweka mfukoni.

Karatasi za manila zimekwisha. Tunatumia maboksi ya sabuni.

Siku ya 23, 7 Julai

Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Mwalimu mkuu alitupa nusu saa ya paredi. Wanafunzi wa Kidato cha Pili walighani mashairi mafupi waliyoyatunga wenyewe, mizani nane kwa nane, mengine yakichechemea. Katikati kipaza sauti kikazimika, umeme umekatika, wakaendelea kwa sauti zao. Nilimfikiria yule mama wa Luwero. Natamani angesikia lugha hii ikitoka kwa watoto mchana kweupe, wanahesabu mizani kwa vidole.

Siku ya 32, Jumatano

Msimamizi amerudi. Safari hii niliamua kutobadilisha chochote. Ubao ulikuwa umegawanywa, kushoto kumejaa, na darasa lilikuwa linafanya kazi ya mwisho wa mada, ile ambayo mtaala mpya unataka mwanafunzi apewe hali halisi ya maisha: kumwandikia muuza samaki tangazo litakalosomwa na wateja wa pande zote za mpaka. Makelele yalikuwa mengi. Ya kazi, lakini mengi.

Baadaye chini ya mwembe aliniambia, "Ubao si mahali pa kuandika makosa. Mwanafunzi hukumbuka alichokiona."

"Daktari, kwa heshima zote, hayo si makosa niliyoyaleta mimi. Wamekuja nayo. Nikiyaficha hayatoki, yanakaa kimya tu."

"Na mtihani wa taifa? Utauliza batoto?"

Hapo ana haki, nami nilimwambia hivyo. Karatasi ya mtihani itataka sanifu, na mtoto asiyeijua ataanguka hata akivutana bei kwa ufasaha wa kuzaliwa nao. Lakini kufika sanifu kunahitaji mahali pa kukanyaga, na wanafunzi hawa wanapo. Aliandika, akafunga faili. Alama 65, tisa chini ya somo la maamkizi. Kwenye nafasi ya maoni ameandika kwamba darasa "linazungumza sana". Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Siku ya nne ningetoa chochote niipate.

Aliyenisikitikia zaidi ni dada wa historia. Mzee hakusema kitu, ila alichukua daftari langu la maandalio akaenda nalo nyumbani.

Siku ya 38, Jumanne

Kusahihisha, kusahihisha. Zoezi la mwisho: wanafunzi 94, 61 wamepatanisha A-WA bila kosa, KI-VI ni 48. M-MI bado ni msitu. Nimemwandikia Mzee kurasa kumi na mbili za mambo yaliyobaki na mahali tulipofika. Amerudisha daftari langu. Pembezoni, kwa penseli, ameongeza mifano yake ya safu ya kushoto, mingine ya zamani ambayo hata akina mama wa sokoni hawaisemi tena.

Siku ya 41, Ijumaa

Sanduku limefungwa, basi ni kesho asubuhi. Hajati amenipa kawa moja, jekundu na kijani, la mama yangu Busia. Nilijaribu kumshukuru kwa Kinubi, akanisahihisha matamshi mara tatu.

Kipindi cha mwisho Mzee aliniomba nikae nyuma. Aliingia na shati lake lililosimama, kitabu mkononi, kama siku ile ya tatu. Darasa likafungua madaftari kunakili. Akakiweka kitabu mezani, kimefungwa. Akachora mstari katikati ya ubao.

"Nilipokuwa na umri wenu, nilikuwa Zaire," akasema, kwa Kiswahili. Hakuna aliyeandika. "Asubuhi shangazi yangu aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamjibu hivi." Na kwa mwandiko ule mzuri akaandika kushoto: *Minakwenda ku soko.*

Wakaisoma. Hakuna aliyecheka. Akashika chaki juu, akaangaza macho darasani, kisha akampelekea msichana wa dirishani. Msichana alisimama mbele ya upande wa kulia muda mrefu kidogo, akaandika *Ninakwenda*, akasita, akafuta, akaandika tena *Ninakwenda*, halafu *sokoni*. Akarudi nyuma kuangalia.

"Hiyo *ni* ya mwisho," Mzee akauliza, "inafanya kazi gani?"

Mikono ikapanda.